Sura ya Tano: Shibe Isiyo na Nguvu

Vita vya Msumbiji viliwasukuma watu mamia kwa maelfu kuvuka mpaka na kuingia Malawi. Kufikia 1990 wengi wao walikuwa wanaishi kwa mgao wa kambini: mahindi, maharage, mafuta, sukari kidogo. Hapo mwanzo mgao ulikuwa na karanga pia, kisha karanga zikaadimika. Ukiwa mtu wa stoo mwenye magunia ya mahindi mpaka darini, karanga si kitu cha kukukosesha usingizi. Nsima, yaani ugali wa huko, ilisongwa kama kawaida, na watu walikula.

Halafu ngozi zikaanza kubabuka. Hazikubabuka ovyo. Mikononi weusi na magaga viliishia pale nguo ilipoanzia, miguuni viliishia kwenye pindo la kitenge, na shingoni vilizunguka shingo nzima. Popote jua lilipofika, ngozi iliungua. Baadaye likaja tumbo la kuhara, kisha kukosa usingizi, na kwa waliochelewa kutibiwa, kuchanganyikiwa akili. Kati ya Februari na Oktoba mwaka huo waliandikishwa wagonjwa zaidi ya 17,000 katika wakimbizi kama 286,000, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Ugonjwa wenyewe ni pelagra, na ulikwisha kuandikwa vitabuni kama ugonjwa wa zamani.

Walikuwapo waliokula nsima hiyohiyo wasiugue. Uchunguzi ulionyesha kwamba aghalabu ni wale waliokuwa na kibustani, au waliobahatika kuzipata karanga kwa njia zao wenyewe.

Kilichokosekana ni niasini, mojawapo ya vitamini za kundi B. Mtu mzima anahitaji miligramu 14 hadi 16 kwa siku. Piga hesabu ya mwaka mzima: haifiki gramu sita, kiasi cha kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Mahindi yana niasini, ila imefungika ndani ya punje kwa namna ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuifungua. Watu wa Mexico na Amerika ya Kati walilimaliza tatizo hilo kwa vitendo tangu kale: huchemsha mahindi kwa chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa huiachia niasini huru. Mahindi yalipovuka bahari kuja Ulaya na Afrika yalikuja peke yake. Ujuzi wa chokaa ulibaki kwao. Ipo njia ya pili. Mwili unaweza kujitengenezea niasini kutokana na triptofani, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, lakini ni biashara ya gharama: miligramu 60 za triptofani kwa miligramu moja ya niasini. Nayo mahindi ni maskini wa triptofani. Karanga zina vyote viwili kwa wingi.

Marekani iliyapitia haya kabla ya Malawi. Mwanzoni mwa karne ya 20 pelagra iliua maelfu ya watu katika majimbo ya kusini, kwa maskini walioishi kwa mahindi, mafuta ya nguruwe na molasi, na madaktari wengi walishikilia kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza. Joseph Goldberger, daktari wa serikali aliyepewa kazi hiyo mwaka 1914, alitembelea hospitali za wagonjwa wa akili na nyumba za yatima, akaona jambo lililokuwa wazi kwa yeyote anayetaka kuona: wanaougua ni wanaotunzwa, wauguzi wao hawaugui. Wabishi hawakunyamaza. Mwaka 1916 yeye na wenzake wakajidunga damu ya wagonjwa, wakameza vidonge walivyovifinyanga kwa magamba ya ngozi, mkojo na kinyesi cha wagonjwa hao. Mkewe naye alidungwa damu. Hakuna hata mmoja aliyepata pelagra. Goldberger alifariki mwaka 1929 akijua kwamba dawa ni chakula, bila kujua ni kitu gani ndani ya chakula. Jibu lilitoka mwaka 1937, Conrad Elvehjem wa Wisconsin alipowaponya mbwa wenye ulimi mweusi, ambao ndio pelagra yao, kwa asidi ya nikotini, yaani niasini.

Sasa, kwa nini ngozi, utumbo na ubongo vyote viharibike kwa kukosa kitu kimoja kidogo hivyo? Ili kulijibu hilo ni lazima tuingie ndani ya seli.

Ugali ukishameng'enywa unakuwa glukosi, na glukosi inaingia kwenye seli kwa mamilioni ya molekuli. Huko haichomwi mara moja. Inavunjwavunjwa kwa hatua nyingi, kila hatua na kimeng'enya chake, na njiani inanyang'anywa elektroni zake. Elektroni hizo lazima zibebwe, na mbebaji mkuu ametengenezwa kwa niasini. Wanakemia wanamwita NAD. Mbebaji wa pili, FAD, ametengenezwa kwa riboflavini, ambayo ni vitamini B2. Wanazipokea elektroni huku, wanazishusha kule ambako oksijeni inazisubiri, wanarudi mikono mitupu kubeba nyingine. Kwa kuwa mbebaji yuleyule anafanya safari hizo tena na tena, tunahitaji miligramu chache tu za vitamini ilhali wanga tunakula kwa mamia ya gramu. Lakini akikosekana, wanga wote ule unakwama. Seli inazungukwa na chakula isichoweza kukitumia. Zinazoumia kwanza ni zile zenye kazi isiyongoja: seli za ngozi na za utumbo, ambazo hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku chache au wiki chache, na seli za ubongo, ambazo hula nishati usiku na mchana. Ngozi ina mzigo wa ziada, kwa sababu NAD hutumika pia kukarabati DNA iliyoharibiwa na jua. Ndiyo maana babuko la pelagra lilifuata mpaka wa kitenge.

Kwa hiyo hapa niseme jambo ambalo wauza dawa hawatafurahi kulisikia. Vitamini hazina nguvu ndani yake. Hazina kalori hata moja. Mtu aliyechoka kwa sababu halali usingizi, au kwa sababu ana malaria, au kwa sababu kazi imemwelemea, hatapata kitu kwa kuongezewa vitamini B asizozikosa. Figo zitazichuja na mkojo utakuwa wa manjano iliyokolea, ambayo ni riboflavini ikienda zake. Vinywaji vya kopo vinavyodai kuongeza nguvu huziandika vitamini B kwa herufi kubwa, lakini kinachomwamsha dereva wa lori saa nane za usiku ni kafeini na sukari. Na ile dripu ya nguvu ambayo watu wanaipanga foleni, mara nyingi ni maji, glukosi na vitamini za njano. Glukosi ya chupa moja ya nusu lita yenye asilimia 5 ni gramu 25. Chapati moja ina wanga zaidi ya huo.

Kwa asiye na upungufu, nyongeza ni bure. Kwa mwenye upungufu, ni uhai. Tofauti hiyo ndiyo yote.

Thiamini, yaani vitamini B1, ilifundisha somo hilo kwa ukali zaidi. Huko Java, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa akitafuta kijidudu cha beriberi, ugonjwa uliowalegeza miguu askari na kuwasimamisha moyo. Kuku wa maabara yake wakaanza kulegea miguu pia, kisha wakapona wenyewe. Ilibainika kwamba kwa muda walikuwa wanalishwa makombo ya wali mweupe wa jikoni kwa hospitali ya jeshi, mpaka alipokuja mpishi mpya aliyekataa wali wa jeshi uliwe na kuku wa kiraia. Wakarudishiwa mchele usiokobolewa, wakapona. Ugomvi wa kiofisi ulifungua mlango wa Tuzo ya Nobel ya 1929. Thiamini hukaa kwenye ngozi nyembamba ya punje na kwenye kiini chake, na vyote viwili huondoka mashineni mchele unapong'arishwa.

Mwili una akiba ya thiamini ya miligramu 25 hadi 30 tu, ya wiki mbili au tatu. Kazi yake ni pale glukosi iliyokwisha kukatwa vipande viwili inapotaka kuingia kwenye mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, ili imaliziwe. Bila thiamini mlango huo haupitiki, na kadiri mtu anavyokula wanga mwingi ndivyo anavyoimaliza haraka hiyo thiamini kidogo aliyo nayo. Mlevi anayeishi kwa gongo, ambaye pombe imemharibia pia uwezo wa kufyonza thiamini, akipelekwa hospitali na kuwekewa dripu ya glukosi kabla ya kudungwa thiamini, anaweza kuharibika ubongo palepale kitandani.

Tunaokula sembe, yaani unga wa mahindi yaliyokobolewa, tunaijua hasara ya kukoboa tukiilinganisha na dona, unga usiokobolewa. Pumba na kiini cha mahindi ndivyo vyenye sehemu kubwa ya vitamini B, chuma na zinki, na tunavipeleka kwa kuku na ng'ombe, ambao kwa hiyo wanakula vizuri kuliko sisi. Ila nisiisifu dona kupita kiasi. Pumba ina fitati, kitu kinachong'ang'ania chuma na zinki na kuzizuia zisifyonzwe. Kuchachusha unga au kuotesha nafaka kuwa kimea hupunguza fitati hiyo. Bibi anayepika togwa hajui fitati ni nini, na togwa yake inamlisha mjukuu vizuri kuliko ugali wa unga uleule.

Madini nayo yamo ndani ya kazi hiyohiyo ya kutoa nishati. Nishati ya chakula ambayo seli huitumia kufanya kazi hufungwa kwanza katika molekuli iitwayo ATP, na hiyo ndiyo sarafu kuu ya seli ya kulipia kazi zake. Mtu mzima hutengeneza na kutumia ATP inayokaribia uzito wake mwenyewe kila siku, ingawa kwa wakati wowote mwilini mwake imo sehemu ndogo tu ya kilo. Inatumika na kuchajiwa upya bila kupumzika. ATP haifanyi kazi yake mpaka ishikane na magnesiamu. Tuna magnesiamu kama gramu 25, zaidi ya nusu ikiwa mifupani, na hiyo iliyobaki inashughulika na karibu kila malipo yanayofanyika mwilini. Mbegu za maboga, korosho, maharage, majani mabichi ya rangi iliyokolea: humo ndimo ilimo.

Chuma kinahitaji nafasi zaidi, kwa sababu huku kwetu upungufu wake ndio mkubwa na porojo zake ni nyingi. Mwili una gramu tatu hadi nne za chuma. Theluthi mbili ziko kwenye himoglobini, zikibeba oksijeni kutoka mapafuni. Kiasi kingine kiko ndani ya mitokondria, mwisho kabisa wa safari ya zile elektroni, kikizikabidhi kwa oksijeni. Kwa hiyo mwanamke mwenye chuma kidogo huishiwa pumzi akipanda ngazi kwa sababu mbili: oksijeni inafika kidogo, na hata iliyofika haitumiki sawasawa.

Watu hutafuta dawa ya damu kwa rangi. Juisi ya rozela ni nyekundu, kwa hiyo inaongeza damu; biitiruti vivyo hivyo. Wekundu huo hautokani na chuma. Chuma cha kutosha kimo kwenye maini, nyama, dagaa, maharage, na kwenye mchicha pia, ingawa cha mimea hufyonzwa kwa shida. Tazama sahani ya kawaida ya mchana: ugali, mchicha, maharage, na pembeni kikombe cha chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa nyeusi. Tanini za chai hiyo hukamata chuma cha maharage na mchicha humo humo tumboni, na kinachofyonzwa hupungua kwa zaidi ya nusu. Sasa ondoa kikombe, kamulia ndimu juu ya mchicha. Vitamini C hukigeuza chuma kiwe katika hali inayofyonzeka, na mlo uleule kwa bei ileile unatoa chuma mara mbili au zaidi. Chai isubiri saa moja. Ni ushauri wa bure, na sijui kwa nini haujabandikwa ukutani katika kila kliniki ya wajawazito.

Pemba ilitufundisha upande wa pili wa chuma. Watafiti waliwapa watoto wadogo wa huko, wa umri wa mwezi mmoja hadi miezi 35, vidonge vya chuma na foliki kila siku, na wengine vidonge visivyo na dawa. Walikuwa watoto zaidi ya 24,000. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2006 yaliwashtua wengi: waliopewa chuma walikuwa katika hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kulazwa kwa ugonjwa mzito. Sehemu hiyo ya utafiti ilisitishwa kabla ya wakati wake. Malaria ilikuwa imejaa kisiwani, na vimelea vya malaria, kama vijidudu vingine vingi, vinakipenda chuma kama sisi. Watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na ambao malaria yao ilifuatiliwa na kutibiwa walifaidika. Walioumia ni waliorundikiwa chuma ambacho mwili wao haukukihitaji. Mwili hauna njia ya kukitoa chuma kilichozidi. Una mlango wa kuingilia tu, na mlango huo unaulinda kwa wivu.

Tumeona jinsi nishati inavyopatikana. Inakwenda wapi? Wengi watajibu: kutembea, kulima, kufikiri. Lakini mtu aliyelala fofofo hutumia nishati nyingi vilevile, na sehemu ya tano au zaidi ya nishati hiyo ya mapumziko inalipia kazi moja: kuitoa sodiamu nje ya seli na kuiingiza potasiamu ndani.

Seli inaishi katika maji ya chumvi. Damu ina sodiamu mara kumi au zaidi ya ile iliyomo ndani ya seli, na kwa potasiamu ni kinyume chake: asilimia 98 ya potasiamu yote ya mwili imo ndani ya seli. Kuta za seli zinavuja, na sodiamu inaingia daima. Baharia wa jahazi linalovuja hafui maji mara moja akaenda kulala. Anafua safari nzima, na siku mikono yake ikichoka chombo kinazama hata kama bahari ni shwari. Mashine inayofua sodiamu iligunduliwa na Mdenishi Jens Christian Skou, aliyeandika habari zake mwaka 1957 baada ya kuchunguza neva za miguu ya kaa. Nobel yake ilichelewa mpaka 1997. Kwa kila ATP moja, sodiamu tatu zinatoka na potasiamu mbili zinaingia. Tofauti hiyo ya chumvi ndiyo inayopitisha ishara kwenye neva, ndiyo inayokunja misuli, ndiyo inayopiga moyo. Elektroliti, ambazo watu huzihusisha na vinywaji vya wanamichezo, ni hizi: sodiamu, potasiamu, kloridi, kalsiamu, magnesiamu, fosfeti, bikaboneti. Chumvi zilizoyeyuka na kubeba chaji ya umeme.

Kipindupindu huonyesha kinachotokea elektroliti hizo zikimwagika. Mwishoni mwa 1831, kipindupindu kilipokuwa Uingereza, kijana mmoja wa Ireland, William O'Shaughnessy, alipima damu ya wagonjwa akakuta imepoteza maji na chumvi. Mwaka 1832 Thomas Latta, daktari wa Leith huko Uskoti, akawadunga wagonjwa mahututi maji ya chumvi kwenye mshipa, na baadhi yao wakainuka. Kisha elimu hiyo ikatupwa kapuni. Kipindupindu kilipoikumba Zanzibar mwaka 1869 na 1870, na James Christie, tabibu aliyeishi pale, akakiandikia kitabu kilichotoka 1876, karibu miaka arobaini ilikuwa imepita tangu Latta, na watu walikufa kwa kukauka huku bahari ikiwazunguka.

Sumu ya kipindupindu hufungulia milango ya kloridi kwenye kuta za utumbo. Kloridi inatoka, sodiamu inaifuata, maji yanaifuata sodiamu. Mtu mzima anaweza kupoteza lita nzima kwa saa. Ukimpa maji matupu yanapita tu. Ukimpa maji ya chumvi, vilevile. Lakini mwaka 1960 Robert Crane alieleza kwamba utumbo una mlango mwingine ambao sodiamu na glukosi huingia kwa pamoja, moja haiingii bila mwenzake. Sumu ya kipindupindu haiugusi mlango huo. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipofurika Bongaon upande wa India na chupa za dripu zikaisha, Dilip Mahalanabis akaamuru glukosi, chumvi na bikaboneti vichanganywe kwenye mapipa, na ndugu za wagonjwa wakawa wananywesha kwa kikombe. Vifo vilivyokuwa asilimia 30 vikashuka hadi 3.6 kwa walionyweshwa.

Pakiti ya leo ya ORS, mchanganyiko wa kunywesha wa aina hiyo, kwa kipimo kilichokubaliwa mwaka 2002, ina kwa lita moja ya maji gramu 13.5 za glukosi, 2.6 za chumvi ya kawaida, 2.9 za sitreti na 1.5 za kloridi ya potasiamu. Pakiti ikikosekana: vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu visiwe na kilima, katika lita moja ya maji safi. Chumvi ndiyo ya kuogopwa hapo. Ikizidi, inavuta maji kutoka kwenye seli za ubongo wa mtoto. Ukionja na kukuta yana chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya.

Pwani watu wataniuliza kuhusu madafu. Madafu ni matamu, ni masafi yakifunguliwa papo hapo, na yana potasiamu nyingi sana. Sodiamu yake ni kidogo. Kwa kibarua aliyetoka jasho bandarini yanafaa mno, hasa akila na kitu chenye chumvi. Kwa mgonjwa wa kipindupindu hayatoshi, kwa kuwa anachomwaga zaidi ni sodiamu. Mwenye figo mbovu ayakwepe kabisa: potasiamu ikizidi kwenye damu moyo unaweza kusimama bila onyo.

Madini joto nitayapitia haraka. Tezi ya shingo huyatumia kutengeneza homoni inayopanga mwendo wa umetaboli wote, kasi ambayo kila seli itachoma chakula chake. Mahitaji ni mikrogramu 150 kwa siku. Kwa maisha ya miaka 70 ni chini ya gramu nne. Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ambako udongo umeoshwa madini hayo na mvua za karne nyingi, rovu zilikuwa kitu cha kuzoeleka shingoni mwa watu. Chumvi ikaanza kutiwa madini joto, na vijana wa leo wa Iringa na Mbeya wengi hawajawahi kuiona rovu kubwa. Ni mafanikio yasiyoimbwa. Chumvi ya mawe isiyotiwa madini joto bado inauzwa kwenye magulio, kwa bei ndogo.

Mahali ambapo mambo haya yote hukutana ni wodi ya watoto wenye utapiamlo mkali. Mulago, Kampala, ilikuwa mojawapo ya hospitali ambako unyafuzi ulichunguzwa kwa kina. Mwaka 1954 Hugh Trowell na wenzake, Davies na Dean, walitoa kitabu kizima kuuhusu. Enzi hizo protini ilionekana kuwa ndiyo jawabu. Mtoto amevimba miguu na uso, nywele zimekuwa nyekundu na laini, hataki kula, hataki kucheza: mpe protini kwa wingi. Wengi walikufa wakiwa wameanza kulishwa, na haikueleweka upesi kwa nini.

Mwili wa mtoto wa unyafuzi umekwisha kupunguza kasi ya kila kazi. Zile mashine za Skou zinakwenda polepole kwa kukosa nishati, kwa hiyo sodiamu imejaa ndani ya seli na potasiamu imevuja na kupotea kwa mkojo na kuhara. Damu yake ikipimwa inaonyesha sodiamu ya chini, na daktari asiyejua atamwongezea chumvi, ilhali mwili mzima umejaa chumvi. Ukimlisha kwa wingi ghafla, insulini inapanda, seli zinaamka na kunyakua fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kwa pamoja, na kuitumia thiamini iliyobaki. Damu inaishiwa. Moyo mdogo uliokwisha kukonda unashindwa siku ya pili au ya tatu, mtoto akiwa ameshiba.

Ndiyo maana siku hizi anaanzishiwa maziwa ya F-75: kilokalori 75 kwa mililita 100, protini kidogo, sodiamu kidogo, yakiwa yameongezwa potasiamu, magnesiamu, zinki na vitamini. Anapewa kidogo kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Akiharisha hapewi ORS ya kawaida, isipokuwa ni kipindupindu. Anapewa ReSoMal, yenye sodiamu pungufu na potasiamu zaidi. Akina mama hawaridhiki. "Sista, mwanangu analia njaa, na wewe unampa kikombe cha robo?" Uji mzito unaletwa kutoka nyumbani kwa siri chini ya kanga, na wauguzi wa wodi hizo wanajua kuutafuta. Anayeeleza vizuri, kwa subira, kwamba moyo wa mtoto bado hauwezi kuubeba mlo huo, huokoa wengi kuliko anayefoka.

Uvimbe ukianza kushuka na hamu ya chakula ikirudi, mtoto anahamishiwa F-100 au chakula cha tiba cha karanga, na sasa anaruhusiwa kula mpaka ashibe. Chuma hakikuwemo kwenye maziwa ya kwanza, makusudi. Kwa anayeendelea na F-100 kinaongezwa siku ambayo mizani inaonyesha kwamba uzito unapanda, na kabla ya hapo damu yake, hata iwe nyepesi namna gani, inaachwa ingoje.